Mbwa wa Kupelekwa kwa Kinyozi

Nilikuwa bado nashuka ngazi za kituo cha treni, begi begani, mji wenyewe sijauona hata sura, suruali yangu ilipopasuka nyuma kuanzia kiunoni kwenda chini. Nikatembea ubavu ubavu kama kaa, mgongo ukutani, mpaka kwenye mlango wa kwanza niliosikia cherehani.

Fundi alinitazama, akaitazama suruali, asicheke. Alishusha joho jeusi kutoka kwenye msumari akanirushia.

"Vaa hilo. Hiyo ilete huku. Na usiegemee kitu, hilo ni la hakimu mkuu, linachukuliwa leo."

Duka zima lilikuwa majoho ya mahakimu na mawakili, meusi tititi, yamening'inia kila ukuta. Mtaani walimwita Fundi Joho. Alikuwa mtu wa makamo, kichwa kinang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa, pini zimejaa kwenye ukosi wa shati.

"Unafuga mbwa?" akaniuliza.

"Sifugi."

"Paka?"

"Hapana."

"Basi kaa."

Huku akifumua mshono alinieleza. Yeye na mkewe walikuwa na mbwa mkubwa wa manjano aliyenyonyoka mwaka mzima, masika na kiangazi. Manyoya yalikuwa kwenye uji, kwenye mswaki, na kwenye majoho. Siku moja hakimu alikuwa anasoma hukumu ya wizi wa mbuzi, na mshtakiwa akanyoosha mkono, akaomba manyoya yaliyo begani kwa mheshimiwa yapokelewe kama kielelezo. Mahakama ikaangua kicheko. Fundi akaitwa, akaambiwa: unywele mmoja zaidi, kazi inahamia kwa mwingine.

Kisha mbwa akafa kwa uzee. Na fundi, mbele ya mkewe, maiti ya mbwa haijapoa, akasema, "Afadhali."

"Neno moja tu, ndugu yangu. Lilinitoka lenyewe."

Mke alifunga mizigo akahamia kwa kaka yake, kinyozi, mwisho wa mtaa huohuo. Alipofika mlangoni aligeuka: "Nitarudi siku nyumba hii itakapobweka."

Kwa hiyo fundi alihitaji mbwa, na mbwa huyo asidondoshe hata unywele mmoja. Bado alikuwa anasimulia muuza mbwa alipoingia, kamba tatu mkononi, kila kamba inavuta upande wake.

Fundi hakumsikiliza muuzaji. Alikata kipande cha mahameli nyeusi, akamsugua nacho mbwa wa kwanza, mwenye manyoya mafupi yaliyolala vizuri, kisha akanipa mimi kipande kile.

"Wewe ndiye uliyevaa joho. Hukumu."

Nikakiinua kwenye mwanga. Vinywele vifupi vilikuwa vimeingia kwenye kitambaa vikasimama wima.

"Mafupi hayo, hayaonekani," alisema muuzaji.

Fundi alijaribu kuvipangusa, vikagoma. Akang'oa kimoja kwa kucha. "Haya si manyoya, ni sindano. Marefu angalau unayapangusa. Huyu ameshona."

Wa pili alikuwa kipara toka kuzaliwa. Mahameli ilitoka safi. Lakini mbwa alitetemeka palepale sakafuni, mwili umejikunja, ngozi ya waridi ina madoa.

"Mke wangu anataka mbwa wa kukumbatia," alisema fundi. "Nimpelekee kiazi kilichomenywa?"

"Si utamshonea koti?"

"Nimshonee mbwa, mahakimu wasubiri uchi?"

Wa tatu alijaa mwili mzima vifundo vya manyoya yaliyojisokota, kama godoro lililopasuka. Fundi alisugua mgongo, akasugua tumbo, akasugua mpaka mbwa akalala chali kwa raha. Niliitazama mahameli pande zote mbili.

"Safi," nilisema.

"Haiwezekani. Na manyoya yote yale?"

"Huyu hana manyoya, bwana," alisema muuzaji. "Wa manyoya hunyonyoka. Huyu ana nywele, kama mimi na wewe."

Fundi alijipapasa kichwa. "Sema kama wewe. Mimi nilikuwa wa manyoya."

"Ila zinakua. Hazijui kusimama. Usipompunguza, mwezi ujao atakuwa anagonga kuta. Lazima umpeleke kwa kinyozi."

Mkono wa fundi ulisimama kichwani. "Kinyozi yupi?"

"Mtaa huu una vinyozi wangapi?"

Nilimwona fundi akibadilika sura. Shemeji yake alikuwa amemtangazia kwamba dukani kwake anaingia mtu anayenyolewa tu. Na tangu mke aondoke, fundi alikuwa anatafuta sababu ya kuvuka kizingiti kile, na kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja wa kumpa sababu.

Alipiga goti, akatia vidole kwenye nywele za mbwa, taratibu, kama anayepima kitambaa cha bei.

"Ni mteja huyu," alisema. "Hawezi kumfukuza mteja."

Muuzaji akaondoka na sindano yake na kiazi chake. Fundi akavaa koti, akachomoa pini kwenye ukosi, akafika mlangoni, akasita.

"Niseme nini?"

"Usiseme afadhali," nilimjibu. "Na suruali yangu?"

Ilikuwa imebanwa chini ya sindano ya cherehani, mguu mmoja unaning'inia.

"Kesi yako imeahirishwa, mheshimiwa."

Akatoka. Nilisimama dirishani nikawaona wakiteremka mtaa, yeye na mbwa wake, wote wawili wakivutana. Walipofika mwisho, mbele ya duka lenye picha ya mkasi, fundi alisimama kama mti. Hakubisha hodi. Mbwa akabweka, mara moja, kwa sauti nzito kuliko nilivyotegemea. Pazia la duka likasogea. Ukatoka mkono wa mwanamke, ukamshika mbwa kichwani, kisha ukamvuta fundi kwa ukosi wa koti, wote wakapotelea ndani.

Nyuma yangu mtu alikohoa. Alikuwa karani wa mahakama, kofia mkononi, ameinama nusu.

"Samahani, mheshimiwa," alisema. "Nimefuata joho."