Kibao cha Mbuzi na Kabati la Ukumbini

Jumanne iliyopita, saa kumi na robo alasiri, nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya vifurushi Sib, hapa Oman, nimechoka. Mbele yangu bibi mmoja aliweka juu ya kaunta kibao cha mbuzi, kile cha kukalia na kukunia nazi.

"Kinakwenda Australia," alisema. "Mwanangu ni nesi kule, kimji cha mashamba ya ngano, barabara moja tu. Ukumbini wana kabati la historia yao. Kila ukoo uliohamia pale umeweka kitu: mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, kengele ya skuli iliyofungwa. Sasa na yeye wamempa nafasi."

Karani, dada wa Kitanzania, alipitisha kidole kwenye ubao. "Mama, hapa pana tundu za wadudu. Forodha ya kule watakichoma moto."

"Wakichome? Nimetoka nacho Unguja!"

"Si utume chetezo cha kufukizia ubani? Ndiyo Oman hiyo."

"Chetezo nimenunua juzi hapo sokoni. Mie nnataka wajue sisi nani."

Aliweka kiganja juu ya kibao. Kisha akaomba bisibisi, akakifungua chuma chenye meno, akakisukuma kwa karani. "Chuma hakina wadudu. Tuma." Ubao akautia kwapani, akaondoka.

Watu wa mji ule watakitazama chuma kile wasijue mtu hukaa wapi. Sisi tunaojua, tunanunua tui la kopo.

Asubuhi yake nilimpigia simu mama yangu, anayekaa mtaa wa Hail, kumuuliza kibao chetu kiko wapi.

"Tulikitupa tulipohamia hapa," alisema. "Ndilo uliloniamshia?"