Fundi wa Tandil na Gurudumu Lililogonga

Mnaniganda kama kupe kwa habari za fundi yule, na mnajua kalamu na mimi hatuelewani. Haya. Pale mjini Tandil, fundi hakugusa gurudumu kabla hamjanywa chai ya yerba, kibuyu kimoja mkipokezana. Nélida, mjane wa kaka yangu, alimpelekea gari-nyumba lao likigonga tak, tak. Wanawe walikwisha kusema lisipopona linauzwa. Fundi alitembea kando yake likienda polepole, kiganja kwenye bodi, macho ameyafumba.

"Si beringi, mama. Kuna kitu kidogo humu kimechoka kukaa."

"Hata mimi nimechoka. Litafika baharini au halifiki?"

Akabandua kifuniko cha gurudumu. Ikaanguka medali ya Mtakatifu Kristofa, waya umekatika. Nélida akaijua: marehemu aliifunga humo iwalinde njiani. Fundi hakucheka. Aliipangusa kwa shati, yeye ambaye mikono hufutia suruali, akaivika kipande cha mpira wa tyubu isigonge tena, akaifunga palepale.

"Waliozoea kusafiri pamoja hawatenganishwi," akasema.

Nélida alifika baharini gari halina kelele, njia nzima akiitamani ile tak, tak. Nyinyi mlioniandikisha, mkipita Tandil mpelekeeni fundi yerba ya majani matupu, isiyo na vijiti.