Ardo Jama na linki iliyovuruga zamu ya maji Modogashe

Ardo Jama anabonyeza linki, anasoma ukurasa uliofunguka, anatikisa kichwa. Anarudi nyuma, anabonyeza tena kuhakikisha, kisha anaandika mstari mmoja wa marekebisho. Chini ya dirisha la ofisi yake mjini Garissa, makuli wanapakua mabati kwa kelele. Yeye hageuki.

"Hapa wanasema, ukitaka kupunguza nafasi, soma ukurasa huu," anaeleza. "Ukifuata, unaletwa kwenye ukurasa wa kuongeza nafasi. Mtu mwenye haraka hataona."

Ardo, mwenye umri wa miaka 31, ameajiriwa na kampuni ndogo inayofunga mitambo ya kugawa zamu kwenye visima vya mifugo. Lakini kila asubuhi, kabla ya kazi ya mwajiri, hufanya nyingine isiyo na malipo: kusahihisha linki katika maelezo ya maktaba ya programu.

Maktaba hiyo haina vitabu. Ni mkusanyiko wa programu fupi zilizokwisha kuandikwa, ambazo waandishi wa programu za kuendesha mitambo huazima badala ya kuanza upya. Zile anazoshughulikia Ardo ni za kupanga vitu: foleni, orodha, mafungu. Kila moja ina ukurasa wake wa maelezo, na kurasa hizo huelekezana: kwa jambo hili, tazama kule.

Hakuianza kazi hii kwa kupenda. Ilianzia Modogashe, wakati wa ukame.

Mtambo aliouandikia programu ulikuwa umefungwa kwenye kisima kimoja huko. Mchungaji akifika huandikishwa, na skrini ndogo huonyesha zamu ni ya nani. Wiki za kwanza mambo yalikwenda sawa, kwa kuwa mifugo ilikuwa michache na hakuna aliyetoka kwenye foleni kabla ya kunywesha.

Foleni iliporefuka, mchungaji mmoja wa katikati alichoka kusubiri, akaondoa ngamia wake. Badala ya waliokuwa nyuma yake kusogea, mtambo ulimchukua aliyefika mwisho kabisa ukamweka kwenye nafasi iliyoachwa. Wengine wakaondoka, ikawa vilevile. Mzee Galgallo Diba, aliyekuja na ng'ombe wake kutoka mbali, akawa anawatazama watu waliomkuta pale wakinywesha mbele yake.

"Fimbo zilikuwa zimeshainuliwa," anasema Mwiti, fundi kutoka Meru aliyekuwa kazini siku hiyo. "Nilizima hiyo mashine, nikaambia wazee wapange watu kwa mdomo. Lakini tulikuwa tumechelewa."

Ng'ombe mmoja wa Galgallo, mwenye mimba, alikuwa ameanguka kando ya birika la kunyweshea mifugo. Hakuinuka tena.

Ardo alifika kesho yake. Kampuni ilikuwa imekubali kulipa fidia, lakini mzee hakuanza na hilo. Alimkaribisha chai, akangoja amalize kikombe, ndipo akamwuliza.

"Hii mashine, nani aliambia mtu ya mwisho akuje mbele?"

"Ni mimi, adeer," Ardo alijibu, akimwita ami kwa Kisomali.

"Na wewe, nani alikuambia?"

"Nilisoma mahali. Waliandika hivyo."

"Basi enda ambia huyo aliandika. Wewe umesikia. Yeye hajasikia."

Ardo alirudi Garissa akafungua maelezo upya. Programu aliyoihitaji, inayosogeza kila mtu hatua moja mbele, ilikuwepo. Kasoro ilikuwa kwenye linki. Maneno yake yalisema ni ya kulinda mpangilio. Linki ikampeleka kwenye programu nyingine, ya haraka, inayoziba pengo kwa kitu cha mwisho.

"Nilinakili mfano wa juu nikaendelea," anasema. "Ningesoma ukurasa mpaka chini ningejua. Sikusoma."

Alirekebisha mtambo, kisha akawaandikia wasimamizi wa maktaba, watu wa nchi mbalimbali ambao hajawahi kuwaona. Mmoja alimjibu kwamba chombo chao cha ukaguzi hakijaona linki yoyote iliyovunjika.

"Na kweli haikuwa imevunjika," Ardo anasema. "Chombo kinaangalia kama mlango upo. Hakijui kama ni mlango wa nyumba uliyoitiwa."

Akaandika tena, safari hii akawasimulia habari za ng'ombe wa Modogashe. Marekebisho yalipokewa wiki hiyohiyo, bila maneno mengi.

Tangu hapo amesahihisha linki zaidi ya mia moja. Nyingi, anakubali, hazingemdhuru mtu. Shida ni kwamba huwezi kujua mapema ipi itadhuru.

"Mwanzoni nilikuwa namwuliza, hii kazi inakuletea nini?" anasema Mwiti. "Siku hizi siulizi. Kabla sijaenda kufunga kitu, namwuliza tu kama amesoma mpaka chini."

Mvua zikipungua, Ardo atasafiri hadi Rhamu, ambako wakulima wa kando ya mto Daua wameomba mtambo wa kugawa zamu za kumwagilia mashamba. Hajaandika hata mstari mmoja wa programu. Anataka kwanza akae nao shambani, awaulize: mtu akitoka kwenye foleni, nafasi yake ni ya nani?

"Nilidhani jibu ni moja dunia nzima," anasema. "Modogashe ni ya aliye nyuma yake. Rhamu pengine ni ya jirani ambaye mahindi yake yanakauka. Wao waniambie kwanza, ndipo nitafute ukurasa."