Nyuma ya Ramani ya Afrika

Jamani, bado naona haya. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Jamii hapa Bujonde, na ugonjwa wangu ni kuichomeka jamii katika kila somo. Kwenye Hisabati tunapima mpunga kwa debe. Kwenye Sayansi nikataka mkulima atufundishe kuvundika kokoa. Nikawaagiza wanafunzi, "Nileteeni aliye hodari kuliko wote!" Jina sikuuliza.

Siku ya mgeni, asubuhi niliwafundisha kwa mbwembwe mila ya Wanyakyusa: mke haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. "Hata mimi naishika!" nikajigamba.

Mchana hodi ikapigwa. Nikachungulia dirishani. Baba mkwe wangu, na mfuko wa kokoa mkononi! Darasa lina mlango mmoja. Nikajibanza nyuma ya ramani ya Afrika, miguu ikabaki nje.

Mzee akaingia, akasalimia. "Mwalimu wenu yuko wapi?"

Moyoni nikawaombea watoto wangu ububu.

"Yuko nyuma ya Afrika, babu!" darasa zima likaitikia.

Kisha kibinti wa dawati la mbele akasimama, uso umemng'aa kwa kuelewa somo: "Mwalimu, kumbe huyu ndiye baba mkwe wako?"