Shemeji Kaizamisha Bangi Yake, Naapishwa Mimi

Admin, jina langu lizike kabisa, usiache hata kidole nje, maana ukoo mzima wa mume wangu uko kwenye hii page na hawana kazi nyingine.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Kilifi, naishi Champlin, Minnesota, huku Marekani, na mume na watoto wawili. Kazi yangu iko Roseville, kwenye duka la maua na mimea. Sikusomea mimea popote. Nimejifunza kwa kusikiliza vibibi vya Kizungu vikilalamikia maua yao, na miaka sita ya malalamiko ni chuo tosha.

Msimu wa baridi uliopita mdogo wake mume wangu alihamia kwetu kwa wiki mbili. Mpaka leo anakula kwangu. Anabeba maboksi kwenye ghala moja kule Eagan, na anasema mgongo unamuuma. Mgongo wenyewe haumuumi akicheza mpira Jumapili, lakini mimi si daktari. Basi kwa ajili ya mgongo akapanda bangi kwenye besimenti yangu, chumba cha chini ya nyumba. Miche minne, chini ya taa za zambarau.

Sheria ya Minnesota inamruhusu, hilo nalijua, msiniandikie. Lakini yeye na kaka yake wana pasipoti za hapa. Mimi nina green card, na mahojiano yangu ya uraia ni mwezi ujao. Wakili aliniambia wazi: "Jimbo limeruhusu, serikali kuu haijaruhusu, na uraia unatoka serikali kuu. Hicho kitu kisiwe nyumbani kwako." Nikamweleza mume wangu. Akanijibu macho yakiwa kwenye simu, "Mama watoto, unataka nimfukuze ndugu yangu kwa sababu ya majani?"

Sikutaja kumfukuza mtu. Nilitaja majani.

Sasa sikilizeni kiburi kinavyolima. Kwao shemeji ni Ganze, huko maji hubebwa kichwani, na kuyamwaga bure ni kama kumwaga maziwa. Kwa hiyo alipanda kwenye ndoo za mafuta ya kupikia, na hakutoboa hata tundu moja chini. "Maji yasipotee bure, shem." Udongo akauchimba nyuma ya nyumba, ule mzito wa kufinyangia vyungu. Kisha akawa anamwagilia asubuhi na jioni kama mchicha wa mama yake. Besimenti hiyo, jamani. Hakuna jua, hakuna upepo, maji yaende wapi?

Baada ya wiki tatu majani yakalegea. Mmea wenye kiu majani yake huwa mepesi kama karatasi, na chombo chake unakiinua kwa mkono mmoja. Haya yalikuwa yamevimba, yamejikunja kwa chini kama kucha, na ndoo huiinui. Udongo unanuka mtaro. Vijidudu vyeusi vinaruka mpaka kwenye chai yangu. Mizizi ilikuwa inaoza kwa maji, na nililijua hilo siku ileile niliposhuka na nguo za kufua.

Akaniuliza. Hapa ndipo ilipo dhambi yangu.

"Shem, wewe si unauza maua? Mbona yanalala hivi?"

Nikainama, nikatazama, nikatikisa kichwa kama bingwa. "Mimi nionavyo, yana kiu."

"Nilijua!" Akaenda kujaza jagi. Akazidisha na mbolea, vifuniko viwili badala ya kimoja. Mamamkwe naye kwenye simu: "Mwanangu, mche ukilala mpe maji, wataka aje kukufundisha nani?" Nikawaacha. Nishindane na wataalamu?

Imekufa yote minne. Mambo yangeishia hapo, lakini juu ya udongo kulibaki ukoko mweupe, ule wa mbolea iliyozidi na maji yetu magumu ya bomba. Shemeji akachovya kidole, akaonja. Mtu mzima na ndevu zake, akaonja. "Chumvi! Kaka, njoo uone, mkeo katia chumvi!" Saa ileile Ganze ikapigiwa simu, na mamamkwe akasema alinijua tangu harusini. Sasa mimi ni mchawi, natilia chumvi vitu vya watu, ati ndiyo maana hata shemeji haoi.

Mume wangu ametoa hukumu: Ijumaa baada ya swala, nishike Msahafu mbele ya ndugu yake, niape kwamba si mimi niliyeiua.

Nikamuuliza, "Msahafu uletwe kushuhudia bangi?"

"Usigeuze maneno. Ukikataa kuapa, tutajua."

Ingekuwa chumvi tu, wallahi ningeapa nikiwa nimesimama jikoni. Lakini yeye kasema kuiua, na ulimi wangu unajua ulichokisema.

Najua mtaniambia nieleze ukweli wote. Nikieleza, nimemfundisha. Tayari ana mbegu nyingine, ameziloweka kwenye kikombe changu. Akitoboa ndoo, akanunua udongo mwepesi, akasubiri ukauke ndipo amwagilie, bangi itastawi mpaka ifike dirishani, nami nitaenda kuapa mbele ya afisa wa uraia huku besimenti yangu ni shamba. Nikinyamaza, hizi nazo atazizamisha mwenyewe kabla ya siku yangu, ila nitabaki mchawi ndani ya nyumba ninayoilipia.

Wale wa "subiri dada, Mungu yupo" piteni, hayo mume wangu ameshanipa ya kutosha. Leo ni Jumatano. Niape uongo, nimfundishe kulima, au nikubali uchawi nipate uraia wangu? Wewe unayesoma ungekuwa mimi, Ijumaa ungefungua mdomo?