Mbuzi Aliyekataa Daraja

Nilisoma miaka miwili tu, tena nikiwa na mdogo wangu mgongoni. Nyumba yangu ya matofali hapa Butembo niliijenga kwa unga wa muhogo niliokuwa nauza Beni. Hakuna mtu ninayemwambia asante kwa nyumba hiyo.

Uhuru ulikuja, kisha uasi. Wakati wa uasi kalamu mfukoni ilitosha waasi wakuue kama msomi, kwa hiyo watu walichoma vitabu. Mimi changu nilikitia ndani ya gunia la maharagwe. Nilikinunua kwa jasho langu, nikichome kwa nini?

Vita vilipotulia, masista walifungua tena shule ya wasichana watakaofundisha watoto wadogo. Baadhi ya wasichana hao walipanga kwangu. Masomo waliyakariri kama katekisimu, lakini kitabu hakuna aliyekigusa kwa kupenda. Mmoja, binti wa Beni, baba yake alikuwa mwalimu. Waasi walimchukua, hakurudi. Binti alishaamua kuacha shule, akauze vitenge Kasindi, mpakani. Lori lake lilikuwa la Jumamosi.

"Mama, buku inauaga batu," aliniambia akikitazama kitabu changu.

"Batu ndio banauaga batu. Buku haina mukono."

Sikukubali aende. Nilishaona watoto wa mtaa wanavyomfuata mpaka mtoni. Basi Ijumaa jioni niliwaketisha hao watoto mlangoni pa jikoni, nikafungua kitabu changu. Ni hadithi ya mbuzi aliyefika kwenye daraja la mto Semliki akagoma kuvuka. Niliweka kidole juu ya mstari: mbu-zi... a-ka-... Binti alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, ametugeuzia mgongo. Mara mchi ukanyamaza.

"Lakini mama, mbuzi alifanya nini?"

"Ngoja, sijafika."

"Utafika mwaka kesho!"

"Basi kuja usome weye!"

Baadaye watu walisema nilimfanyia ujanja. Ujanja gani? Ndio mwendo wangu wa kusoma. Alifuta mikono kwenye kitenge, akachukua kitabu. Mwanzoni alisoma kama anakariri katekisimu. Alipofika pale mbuzi anapomtukana mwenye mbuzi, akalia me-e-e kama mbuzi mwenyewe, watoto wakagaagaa chini kwa kicheko na ugali wangu ukaungua.

Kisha akafunua ukurasa, hakuna kitu.

"Mama, mwisho iko wapi?"

"Baaskari balivuta." Ni kweli. Askari wa serikali walipopekua gunia langu kwenye barriere, kile kizuizi cha barabarani pale Beni, walichana kurasa za mwisho wakaviringisha tumbaku.

"Na kisha?" mtoto mmoja akauliza. Binti akaniangalia.

"Usiniangalie miye. Mwalimu ni weye."

Akasema mbuzi alivuka. Watoto wakapiga kelele: hapana, ule mbuzi hawezi kuvuka, ni kichwa ngumu! Wakalala na ugomvi huo.

Asubuhi walikuwa wamerudi kabla ya lori. Binti aliketi katikati yao, kitabu magotini, anawasomea upya pale mbuzi anapogoma ili waone nani ana haki. Mzigo wake ulikuwa umefungwa barazani. Dereva akapiga honi.

"Dada, unapanda ao hapana?"

Hakuinua hata kichwa. "Lori iende!"

Nilifungua mzigo wake mimi mwenyewe, haraka, kabla hajabadilisha mawazo.