Visiki Vitatu vya Saiprasi

Nilisikia shoka kabla sijaona kitu. Ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka hadi kwenye dirisha la jikoni, na ndani yake kulikuwa na mlio mmoja tu, kisha kimya, kisha mlio. Nilivaa gambuti nikaifuata sauti hadi mwisho wa shamba la chai, nikamkuta Baba anachimbua kisiki cha saiprasi.

Saiprasi hizo zilipandwa na Mama alipoolewa hapa Kianjokoma, ziwe ua wa kuzuia upepo. Baba alizikata baada ya mazishi yake. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka mjini na riwaya niliyoshindwa kumaliza kuiandika, tukabaki wawili katika nyumba iliyokuwa ya watu saba. Tulisalimiana asubuhi, tukaombea chakula, basi. Mwaka mmoja kabla ya asubuhi hiyo nilitafuta kazi ya mikono. Nilitoboa visiki na magogo machache kwa keekee, nikagongomelea vijiti vyenye mbegu ya uyoga, nikaziba matundu kwa nta ya mshumaa. Saiprasi ina utomvu mwingi na uyoga huila polepole. Nilijua ningengoja mwaka au zaidi. Sikujali. Tangu mazishi sikuwa na kitu cha kungoja.

"Baba, hivyo visiki ni vyangu," nilisema.

"Ni vyako. Na chai ni ya nani?"

Wakulima wa chai huku hufundishwa kwamba kisiki kisibaki shambani. Kuna uyoga unaoanzia kwenye kisiki kilichokufa, ukatambaa chini ya udongo na kuua mizizi ya chai. Baba alipoteza namna hiyo mistari minne aliyoipanda na Mama. Yeye na Mama waliing'oa wenyewe, wakaichoma.

Nilimweleza kwamba wangu ni wa aina nyingine, hauna haja na mmea ulio hai. Alinisikiliza akiwa ameegemea mpini.

"Mami," alisema, maana nina jina la mama yake, "umesoma mpaka ukarudi kufuga ugonjwa. Wenzako wanafuga kuku."

"Kuku wana kelele."

"Hapa tunahitaji kelele kidogo."

Aliniachia visiki vitatu vya mwisho hadi mvua ya Novemba. Uyoga ukimea, angeutazama, kisha angeamua.

Nilivifunika kwa magunia na kuvimwagia maji siku za jua. Mara mbili nilikuta gunia limeshaloa kabla sijafika. Nyayo za Baba zilikuwa kandokando ya kisiki.

Uyoga ulitoka wiki ya pili ya mvua, masikio ya kijivu yamepangana ubavuni mwa visiki. Baba alikuja na kisu cha kupogolea. Hakuugusa. Alibandua gome kidogo, na chini yake kulikuwa na utando mweupe, kama karatasi iliyolowa. Alichuchumaa pale muda mrefu, mvua ikimpiga mgongoni.

"Ni huu," alisema.

"Si huu, Baba. Ule huwa na kamba nyeusi."

"Mimi niliona mweupe. Mama yako aliubandua kwa kucha zake."

Niliuchuma uyoga wote nikaukaanga na kitunguu. Baba aliombea chakula kama siku zote, ila siku hiyo alimtaja Mama kwenye maombi. Kisha akala.

"Unafanana na firigisi," alisema.

"Ni kuku wasio na kelele."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani. Sikuwa nimekisikia tangu Mama alipougua, nikaanza kuwaza mwaka ujao, visiki vikiwa bado pale, sisi wawili tukivifunika magunia.

Aliosha sahani yake mwenyewe. "Magogo utayaweka kule kwenye mawe, mbali na chai. Kesho nitakusaidia kuyabeba. Visiki vitatoka leo, udongo ukiwa bado laini."

"Hata kimoja hutaniachia? Mama ndiye aliyeipanda miti hii."

"Na chai nani alipanda?"

Alisema hivyo taratibu, akinitazama, na nikaona kwamba amekuwa akiliwaza jambo hilo tangu Julai, peke yake, kama mimi. Akavaa koti, akachukua shoka lililokuwa limeegemezwa ukutani. Alipotoka aliuvuta mlango nyuma yake, akauvuta tena hadi ukafungika, ili baridi isinipate.